Vanila Ilikuja Vile Nilitaka

Kendi, uko? Baba amekunywa.

Ile bia niliyopika nyumbani. Niliweka ganda moja tu la vanila, siku mbili, nikatoa. Ikakubali. Huisikii mpaka umeze.

Nikampa kikombe cha kwanza anibariki, vile wazee hufanya: anaweka mdomoni, ananitemea kifuani, basi. Ana miaka kumi na moja tangu aokoke aache pombe! Nilijua atatema.

AKAMEZA. Kendi, alimeza!

"Baba, hiyo ni pombe."

"Najua. Murungi, ongeza kidogo. Kuna utamu huko mwisho unanikimbia."

Mama alikuwa mlangoni. Alitoa panga kwa ukuta akaenda kuificha, vile alikuwa anafanya Baba akilewa tukiwa wadogo.