Pumzi Isiyomo Kitabuni

Montreal, Jumapili

Shangazi Bluma mpendwa,

Pole kwa kumpoteza baba yako, na kwa kutowahi mazishi. Vioo vyote bado tumevifunika, kama desturi yetu Wayahudi wakati wa matanga, na majirani wanaleta mayai na supu nyingi kuliko tunavyoweza kula.

Uliniomba nikuandikie noti za ule wimbo wake usio na maneno, kama alivyouimba Sabato yake ya mwisho. Shangazi, hakuuimba. Kosa ni langu.

Mwezi uliopita nilisoma katika kitabu kimoja maktabani kwamba ule ni wimbo wa wavunaji Wakristo wa Ukraina, waliouimba wakinywa. Nilifurahi mno kuugundua, nikasema mezani mbele ya wageni. Baba mdogo Fishel akapiga meza kwa kicheko: "Mzee! Kumbe miaka yote hii unatuimbia wimbo wa walevi!"

Babu akatabasamu. "Baba yangu aliniambia ni wetu," alisema, kisha akanigeukia. "Asante, mwalimu wangu." Akapitisha mkate. Sabato nne zilizofuata, saa ya wimbo ilipofika, aliitazama sahani yake tu.

Noti nimezinakili kutoka kitabuni, ziko nyuma ya karatasi hii. Lakini jana nilipojaribu kuimba, nilikwama. Pale sauti inapopanda, Babu alikuwa akisita, anavuta pumzi kama mtu aliyekumbuka jina la marehemu, ndipo anaendelea. Kitabuni pumzi hiyo haimo. Hiyo ndiyo iliyokuwa yetu, na nimechelewa kumwambia.

Mtoto wa kaka yako,
Gitl