Walilaza Mkono, Masikio Wakayasahau

Wodi ya wanaume,
Bukoba mjini

Mdogo wangu Novati,

Ujue kwamba kaka yako amepasuliwa mkono macho wazi, bila nusu kaputi. Kisu kinaingia, mimi nampigia daktari hadithi za kisiwani, wala sikukunja uso. Wauguzi walitoka wodi nyingine kuja kunitazama.

Haya, hakuja muuguzi yeyote. Na uso niliukunja, tena kabla ya kisu, kwa sindano tu. Nilimwita marehemu mama kwa jina lake la ubatizo, kama vile tulikuwa rika moja. Sasa nimesema ukweli, tusalimiane. Goti lako linaendeleaje? Na kibanja, migomba imesimama au umeiacha ilale kama mwenyewe? Mimi nakula, nalala kwa zamu na maumivu, na uji wa hapa ni mwepesi kiasi kwamba unaweza kujinyolea ndevu humo.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako anapokea mkeo, mkeo anaweka sauti kubwa, na akimaliza kusikia yeye, amesikia mpaka padre. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa yule jirani yako anayeleta maharage sokoni. Mkono wa kuandikia ni mzima. Ulioumia ni wa kushoto.

Kule kisiwani ninakofanya kazi ya dagaa, watu ambao hawakuwepo niliwaambia niliteleza kwenye mtumbwi. Wewe nakuambia ilivyokuwa. Niliinua beseni la dagaa, beseni la kawaida tu, ambalo akina mama kule wanalibeba wakisutana, nikasikia kak, kama mtu anavunja kuni kavu. Sikuanguka wala kujigonga popote. Mkono ulivunjika juu ya kiwiko mimi nikiwa nimesimama. Wavuvi walicheka, nikacheka nao. Kwenye boti ya kuja huku nikaanza kuwaza, nikaacha kucheka.

Hapa wakanipiga picha, wakaishika dirishani wakaitazama muda mrefu, wakasema mfupa utafungwa chuma. Daktari wa usingizi ni binti wa Kashozi, umri wa kitindamimba wako. Akanisikiliza kifua, akasema, "Babu, umejaza moshi wa tumbaku humu. Tukikulaza mwili wote, huenda tukakutafuta tusikuone. Tutaulaza mkono peke yake."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Utakuwepo hapo hapo."

Nikamshukuru kwa kunialika.

Akanipaka mafuta ya baridi karibu na shingo, juu ya bega, akaweka kile kipimo wanachowapimia wajawazito, akawa anatazama kwenye kioo anatafuta mishipa ya fahamu. Nikamuuliza, "Wa kike au wa kiume?" Akasema, "Mapacha, na wote wamefanana na wewe, pole sana." Ana mdomo yule, waitu. Ndipo sindano ikaingia nikamwita mama.

Kwanza mkono ukapata joto, kisha ukawa mzito, kisha haukuwa wangu. Wakaunyanyua kuupaka dawa, nikaona mkono wa mtu unapita juu ya uso wangu, kucha chafu, nikataka kumwambia mwenyewe akanawe.

Hapo ndipo nilipogundua jambo, Novati. Maumivu ya kuvunjika yalipoondoka, mengine yaliondoka nyuma yake, ya zamani, yale ya ndani ya mfupa ambayo nimekuwa nikiyasugua dawa ya kuchua tangu msimu wa senene wa mwaka juzi, nikiyaita uzee. Nilikuwa nimeyazoea kama mtu aliyejenga karibu na mashine ya kusaga. Sasa mashine ikazimwa. Nililala pale nikisikia raha, na raha yenyewe ikanitia hofu, maana ndiyo kwanza nikajua ni kitu kikubwa kiasi gani nilichokuwa natembea nacho.

Wakatundika kitambaa cha kijani mbele ya uso wangu, wakaanza kazi upande wa pili. Daktari na msaidizi wake walikuwa wanabishana kuhusu senene, wa wapi ni watamu. Nikaingilia kwamba wa Muleba wana mafuta kuliko wa Bukoba. Daktari akasema, "Mzee, wewe ni mgonjwa, usituletee siasa." Tukacheka. Nasikia chuma kinakwaruza, mwili unatikiswa mpaka meno, na maumivu hakuna.

Kisha chuma kikaacha kukwaruza.

Daktari akasema taratibu, "Hebu njoo uone hapa." Mwenzake akasogea. Akasema, "Mm."

Unaijua mm ile. Ndiyo aliyosema bwana shamba siku alipoupasua mgomba wako, kwa nje umenawiri, ndani unatoka usaha wa njano. Na unakumbuka baada ya mm ile alituambia tung'oe shina zima.

Wakahamia Kiingereza. Changu kiliishia darasa la nne, lakini watu wakihamia Kiingereza wakiwa wameinamia mwili wako, hawazungumzii senene tena. Nikapaza sauti, "Daktari, umepata dhahabu huko?" Nikasikia, "Weka kipande kwenye kichupa." Yule binti, ambaye hakunipa pumzi kwa utani tangu nimefika, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

Nikamwambia, "Nitanie basi."

Akasema, "Tulia, babu." Kisha akauliza, "Una ndugu hapa mjini?"

Jioni ganzi ikaanza kuisha. Vidole vikawashwa kama vimepitiwa na siafu, kisha kidonda kikaamka, nikatukana matusi ya kisiwani. Maumivu hayo nilikuwa nimeambiwa, na walinipa vidonge mapema kabla hayajapanda, yakatulia. Lakini yale ya zamani yalirudi yakakaa mahali pake pale pale, hata vidonge hayakuvijali. Kumbe yalikuwa yametoka nje tu kupunga hewa.

Daktari alipopita kuwatazama wagonjwa nikamuuliza kichupa kimekwenda wapi. Kimekwenda Mwanza. Kutafuta nini? "Tusubiri majibu, mzee. Wiki ijayo yatakuwa yamerudi. Uwe na ndugu yako."

"Niambie mimi, mkono ni wangu."

"Uwe na ndugu yako, mzee."

Kwenye kitanda cha jirani yuko Mzee Sudi, mzaliwa wa hapa mjini, anaswali amekaa kwa sababu ya nyonga. Kila siku alikuwa ananichokoza kwamba mfupa wangu umelainishwa na pombe ya rubisi. Tangu maneno yale ya daktari hanichokozi tena. Ananiachia nusu ya chai yake na kujifanya ameshiba. Novati, naiogopa chai ile kuliko kisu.

Msalimie mkeo, mwambie mfupa umefungwa chuma, atangaze hilo na aishie hapo. Shangazi yetu mwambie nakula. Mwanao mwalimu mwambie asiisome barua hii akatafuta makosa. Na wajukuu, waambie babu yao ana chuma mwilini, waache kunisogelea na sumaku.

La mwisho. Uliporudi kutoka Karagwe na vitenge vya mchumba wako, kijiji kizima cha Kishanda kilijua kwamba ameshaolewa na mwingine. Wakakupikia ndizi, wakakumiminia rubisi, wakakusifia viatu, na hakuna aliyefungua kinywa. Nilirudi kibandani kwetu nikakukuta unajipaka mafuta uende kwao. Nikakuambia pale pale. Ulinizaba kofi, na kesho yake ukakiri ni afadhali ulilisikia kwangu. Sijawahi kukudai kwa ajili ya lile. Leo nakudai.

Njoo wiki ijayo, peke yako. Ingia kwa daktari, umsikilize mpaka amalize. Ukitoka usipitie dukani kuninunulia soda, usimpigie mkeo, usiniambie nitapona. Njoo moja kwa moja kitandani kwangu uniambie alivyosema, kabla hujakaa.

Kaka yako,
Projesti