Jetoni za Udongo

Mwanangu Darlène,

Salamu nyingi huko Area 23 ya Lilongwe. Hapa kambini Dzaleka mahindi yameota vizuri. Unauliza kwa nini nilitafuta jetoni nzito za poka, vile visahani vya kuhesabia dau la karata, mpaka masoko ya Lilongwe, na vifuniko vya soda viko vya kuchezea. Vifuniko havina sauti, mwanangu. Hizi za udongo zikigongana, nyumba inaamka. Tangu tumzike mama yako ilikuwa kimya sana.

Sasa bajirani banakuja Jumamosi, tunacheza bila pesa. Juzi Vénérande, yule mjane Mrundi, alipima moja mkononi.

"Hii njo udongo kweli?"

"Kaa, ujaribu."

Akakaa kwenye kiti cha mama yako. Wote wakaniangalia. Mi nikagawa karata.

Baba yako,
Apollinaire