Uliyoyasema Saa Nne

Kwako mdogo wangu,

Nakusalimu kwa kuwa tulifundishwa barua haianzi bila salamu. Najua u mzima. Sauti yako naisikia kila Jumanne, haina hata mafua. Huku hatujambo kiasi. Baba macho yamekwisha kabisa na miguu inamsumbua, lakini masikio yake ni mazima, na hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Sikukupigia simu makusudi. Kwenye simu ungenilainisha kwa ile sauti yako ya kazini, na sitaki kulainishwa.

Mwaka wa tatu huu hujakanyaga hapa, kwa hiyo acha nikueleze siku ya baba inavyokwenda. Redio ya taifa inawashwa saa kumi na mbili asubuhi na haizimwi mpaka analala. Mimi nakaa na cherehani yangu dirishani, yeye kitini karibu na mlango. Anajibizana nayo. Msomaji wa habari akikosea jina la waziri, anamsahihisha. Mtaalamu wa kilimo akieleza chanjo ya kuku, baba ambaye hana hata unyoya anamuuliza dozi. Daktari wa saa tatu akisema kunyweni maji, ananyoosha mkono nimpe kikombe. Kisha Jumanne saa nne unaingia wewe na kipindi chako cha malezi, na hapo hata cherehani naamriwa niisimamishe. Wateja wangu wameshazoea kwamba saa hiyo hapimwi mtu.

Jumanne iliyopita niliisimamisha kama kawaida. Ukasema leo huna mgeni studio, mgeni ni wewe mwenyewe. Ukashusha sauti. Ukawaambia watu wa nchi nzima kwamba baba yako, seremala, alimvunja mkono mtoto wa miaka tisa kwa sababu ya patasi iliyopotea, na mtoto huyo ni wewe. Ukasimulia alivyoupindisha nyuma ya mlango wa karakana, na mlio ulivyosikika. Ukasema hospitali alidai umeanguka kwenye ngazi, na kwamba jioni ile ile patasi ilionekana ndani ya koti lake mwenyewe, asiseme neno. Ukanyamaza kidogo, vile mnavyofanya nyinyi watu wa redio mkitaka watu walie. Kisha ukapokea simu. Mama mmoja alilia kweli. Mwalimu mstaafu akakuita shujaa, nawe ukamjibu kwa unyenyekevu kwamba hukufanya lolote ila kusema kweli.

Hilo la kusema kweli nitalifikia.

Nilinyanyuka kuizima redio. Baba akasema, "Iache." Hakutoa neno jingine mpaka jioni. Saa saba jina la waziri lilikosewa, hakusahihisha. Saa nane ukaja mchezo wa kuigiza, ule wa mwenye nyumba na wapangaji wake, ambao humchekesha mpaka anakohoa; siku hiyo alikaa kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya hakimu. Mwanasheria akajibu maswali ya mirathi na mipaka ya viwanja. Chakula nilichomwekea kikapoa. Fundi viatu wa jirani alichungulia mlangoni, akasalimu huku anatazama chini, akaenda zake. Siku zote huwa anaketi. Mtaa mzima ulikuwa umekusikia, ndugu yangu. Wewe kipindi chako ni cha nusu saa. Huku kiliendelea kutwa.

Saa kumi na moja, wanapozungumzia mpira, baba aliniambia nisogeze kiti. Akasema ni kweli. Patasi ilikuwa kwenye koti, na miaka yote hiyo hakupata pa kuanzia kulisema. Akalia, yeye ambaye siku ya kumzika mama alikuwa akikagua misumari ya jeneza. Akanitaka nikuandikie kwa niaba yake, maana haoni. Maneno yake nayaweka hapa kama alivyoyatamka: "Mwambie mwanangu nilimvunja mkono bila kosa, nikaisingizia ngazi. Anisamehe. Na akiweza, aje niushike huo mkono."

Ujumbe nimeufikisha. Sasa nisikilize mimi.

Mkono ule si wako. Wewe ulikuwa na miaka sita, umesimama nje ya mlango wa karakana na kaptura imelowa. Mwenye miaka tisa nilikuwa mimi. Ngazi ni yangu, hospitali ni yangu, na huu wa kushoto usionyooka mpaka leo, unaonilazimu kuizunguka meza kila nikikata kitambaa, ni wangu. Habari za koti nilikuhadithia mimi, jikoni, tukiwa watu wazima, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwambia. Ukaenda ukazifanya kipindi.

Na baba amekuamini. Anaikumbuka patasi, anaikumbuka ngazi, anaukumbuka mfuko wa koti. Alichosahau ni mtoto yupi. Mimi ninayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi ndimi aliyenituma nimwombee msamaha kwako.

Sikumwambia. Nilisema tu kwamba nitaandika. Tena kuna jingine ambalo naona aibu kuliandika. Ulipoanza kusimulia, ukitaja seremala, mtoto na patasi, kabla hujasema mtoto huyo ni nani, nilifurahi. Nilidhani hatimaye kuna mtu ananisemea. Nilikuwa nangoja useme "dada yangu."

Usimpigie simu baba, na usinitaje redioni. Njoo, uketi mbele yake, umwambie mkono ni wa nani, ili yale maneno ayatamke upya kwa mwenyewe. Nikimsamehe, nisamehe mimi. Nikikataa, nikatae mimi.

Msalimie mkeo, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba anakusalimu sana. Tangu Jumanne kila mlango ukigongwa anauliza kama ni wewe.

Ni mimi,
dada yako.