Kiti cha Hannah

Kangemi, Nairobi
11 Februari 1972

Mpenzi mwanangu Lornah,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi wazima, yeye goti tu ndilo linamsumbua, mimi hata mafua sijapata. Je, wewe na kazi ya hospitali huko Nakuru mnaendeleaje?

Huku kazi ni nyingi. Juzi nimepeleka viti kumi na viwili vya mvule Government Road, ofisi ya mawakili. Karani akaketi, akasema, "Mzee Zadock, mimi nitazikwa na hiki kiti." Nionyeshe fundi mwingine wa kuambiwa hivyo, kutoka Westlands mpaka Uthiru.

Mtoto wako Hannah hajambo. Ile shingo bado legevu, na kukaa peke yake bado hawezi, lakini atapata nguvu. Mwalimu Njambi wa nasari ya kanisa humbeba mgongoni kila asubuhi. Sasa amekuja na karatasi, amechora kiti: ubao huku, ubao huku, mkanda kifuani, kimeza mbele. Eti nimtengenezee Hannah. Nikamwambia mbao zimeisha. Lornah, kitu kama hicho kikikaa mbele ya duka langu wateja watauliza ni cha nani. Mimi natengeneza viti vya watu kuketi, si vya kumfunga mtu.

Ni mimi baba yako,
Zadock

Nakuru
3 Machi 1972

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mwambie mama dawa ya goti nitaileta Pasaka.

Baba, mbao zimeisha kwa Zadock? Hata huyo karani wako atacheka. Mwalimu Njambi ameniandikia. Anasema wenzake wakichora, Hannah amelala mkekani anatazama mabati, lakini hadithi akisomewa mara moja anairudia yote. Novemba hedimasta atakuja kuchagua watoto wa darasa la kwanza. Asiyeweza kuketi na kushika penseli anarudishwa nyumbani. Basi Hannah atalala chumbani mpaka azeeke.

Najua wateja wakija unamwambia mama amwingize Hannah ndani. Niliona mwenyewe Krismasi, nikanyamaza kwa sababu wewe ni baba. Leo nasema. Nakuomba kiti, baba. Sikuombi kingine.

Binti yako,
Lornah

Kangemi
24 Juni 1972

Mwanangu Lornah,

Natumaini uko salama. Mama yako anakusalimu. Barua zako tatu zilifika zote. Usidhani zilipotea njiani.

Mwalimu alichoka kuningoja. Akaenda kwa Kivuva, yule wa sokoni anayepigilia vizimba vya kuku. Kivuva akapasua sanduku la majani chai, akaunda kiti. Pembe hazikutani, misumari imepinda. Nilipopata habari nilicheka mbele ya watu, nikasema, "Sasa mjukuu wangu amekuwa jogoo?"

Jumamosi iliyopita wazazi tuliitwa nasari. Nikavaa koti. Nikamkuta Hannah ameketi. Ameketi, Lornah! Kichwa juu, chaki mkononi, anamgombeza mwenzake, "Wewe, chaki si mahindi!" Pasta akamwuliza, "Kiti kizuri hiki, nani alikuundia?" Akapaza sauti, "Babu yangu! Si babu ndiye fundi wa viti?"

Watu wakanipigia makofi. Kivuva alikuwa mlangoni, kofia mkononi, ananitazama. Mwalimu naye ananitazama. Mimi nikainua mkono, nikaitikia. Mzee mzima. Nikapokea makofi ya mtu naye amesimama palepale.

Hata mama yako sijamwambia.

Ni mimi baba yako,
Zadock

Nakuru
30 Juni 1972

Baba,

Salamu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nashukuru umeniambia. Lakini mimi si Kivuva, baba, wala mimi si Hannah.

Binti yako,
Lornah

Kangemi
19 Julai 1972

Mwanangu,

Sisi wazima wa mwili. Nawe uwe hivyo.

Nilikwenda kwa Kivuva. Kwanza nilipita mlango wake mara mbili, kama mtu anayetafuta kuku wa kununua. Halafu nikamwambia kosa langu. Akasema, "Mzee, nilidhani utasema siku ileile." Basi. Akashika nyundo yake akaendelea. Afadhali angenitukana.

Nikaunda kiti cha mvule, kama Mwalimu alivyochora. Nikakipiga msasa siku nne; hata mawakili hawana kama hicho. Jana nikakipeleka nasari. Hannah akakataa kutolewa kwenye sanduku lake. "Sitaki hicho. Hiki ndicho cha babu."

Hapo sikuwa na pa kupita. Nikachuchumaa mbele ya watoto wote, nikasema, "Hicho si changu, mama. Ni cha Kivuva. Mimi niliambiwa nikuundie, nikakataa."

Akaniangalia sana. Akauliza, "Kwa nini?"

Mwalimu akaita watoto wakanywe uji, wakakimbia wote. Hannah hakugeuka. Alikaa wima kwenye kiti cha Kivuva, ananitazama, anangoja.

Ni mimi baba yako,
Zadock