Bibi, Nimeiona Picha ya Taya Langu

Bibi yangu, mama mzaa baba,

Shikamoo. Nakusikia ukiitika kwa utani wako uleule, "Marahaba, mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume?" Hata babu alipokwisha kufa uliendelea kuniuliza hivyo, na mimi nikaendelea kujibu kwamba mume mwenyewe mzee, simtaki. Leo nimekuja na habari za meno, na kwa kuwa kuna wanawake wengine wanaopaswa kuzisikia, nimeiacha barua hii wazi.

Unaikumbuka miwa ya bondeni, nyuma ya nyumba yetu kule Handeni? Watoto wa baba mdogo waliimenya kwa meno, maganda yakiruka mpaka kwenye kanga ulizoanika. Mimi sikuweza. Chini, mahali pa meno ya chonge, nilikuwa na mapengo mawili. Juu, upande wa kulia, pengo la tatu, na kushoto kijino cha utoto kilichogoma kung'oka. Ulichukua kisu ukanikatia vipande vidogo vya kutafuna kwa magego, na waliocheka ukawakaripia: "Mwacheni mwenzenu. Meno yake hayana haraka, yanakuja."

Basi nikayasubiri. Nilimaliza shule nikiyasubiri, nikaenda chuo cha ualimu nikiyasubiri. Sasa nafundisha darasa la kwanza huku Kerenge, ambako kila mtoto ana pengo na kila pengo litajazwa. Siku moja kabinti ka mstari wa mbele kakaniuliza, "Mwalimu, na ya kwako yatatoka lini?" Nilicheka pamoja nao, kisha nikageukia ubao nikaandika silabi ambazo hazikuwa za siku ile, maana machozi yalikuwa yananilenga. Jumamosi yake nikapanda bodaboda kwenda Korogwe kwa daktari wa meno.

Daktari ni mama wa Kishambaa, mpole, anayekusemesha huku mikono yake ikifanya kazi. Aliangalia, akakigongagonga kile kijino, akasema kwa macho peke yake hawezi kuniambia la kweli. "Huenda meno yapo ndani ya mfupa, yamekosa njia. Huenda hayapo kabisa. Tupige picha, mwalimu, tuache kubahatisha."

Alinivalisha aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, nzito kama mtoto aliyelala. Akaniwekea kidude kigumu mdomoni, akaniambia niume nisitikisike, akatoka. Mashine ikalia mara moja tu. Akarudi, akakihamisha kidude, akatoka tena, mpaka pembe zote za mdomo zikaisha. Haikuuma hata kidogo, lakini moyo ulinidunda, kwa sababu wewe ulikuwa umeniambia yanakuja, na sasa kulikuwa na mtu anakwenda kutazama kama ulisema kweli.

Picha zilitokea kwenye kioo cha kompyuta. Mfupa ulikuwa kama ukungu, na meno meupe yamezamisha mizizi yake ndani kama mihogo. Daktari aliweka ncha ya kalamu chini kulia. "Hapa hapana kitu." Chini kushoto, hapana. Juu kulia, hapana. Kisha akaniuliza taratibu, bila kuniangalia, "Ulipokuwa mchanga walikutoa meno ya plastiki?"

Wewe unayajua, bibi, nawaeleza wenzetu. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, na ufizi ukatutumka, watu husema ameota meno ya plastiki na asipotolewa atakufa. Hupelekwa kwa fundi mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa, naye huchimba ufizi na kutoa vitu vyeupe, laini. Daktari alinieleza kwamba vile vyeupe ndiyo meno yenyewe, machanga, na kuvichimba huyaharibu hata yale makubwa yanayojiandaa chini yake. Homa huwa imetoka kwingine, na dawa yake ni kumwahisha mtoto zahanati na kumnywesha maji yenye chumvi na sukari.

Nilikukasirikia. Nakwambia kwa sababu hukupenda kufichwa mambo. Nilikalia kile kiti nikiwaza miaka yote uliyonidanganya kwa upole.

Ndipo daktari akahamia picha ya mwisho, juu kushoto, akasogeza uso karibu. "Lakini hapa lipo." Juu ya kile kijino cha utoto, ndani ya mfupa, lilikuwa limelala jino zima la chonge, limeinama, kichwa kimekwama kwenye mzizi wa jirani yake. Meno mengine yalikuwa yamesogea yakaliziba njia. Akaniambia linaweza kuvutwa, ila kwa umri wangu hawezi kuniahidi, maana jino likikaa sana huweza kugandana na mfupa. Nikamuuliza kwa nini hili limepona. Akasema pengine fundi hakulifikia, na kwamba picha haiwezi kumwambia hilo.

Aliyeweza kuniambia alikuwa Handeni. Nilimkuta Shangazi Mwanahawa anapeta mahindi, nikamuuliza kwa ukali ambao binti yako hakustahili. Akaweka ungo chini.

"Kaka yako Salimu ndiye aliyekutangulia," akasema. "Alikufa kwa homa na kuharisha, mikononi mwa mama, bibi yako, njiani kwenda zahanati. Wewe ulipoanza vilevile mama hakula. Mama yako alikuwa bado hajiwezi, kwa hiyo mama akakubeba mwenyewe mpaka kwa fundi, na mimi ndiye niliyekishika kichwa chako. Fundi akachimba chini huku na huku. Akachimba juu kulia. Ulilia mpaka sauti ikakatika, ukabaki unafungua mdomo tu. Alipotaka kuhamia kushoto, mama akamwambia, 'Basi.' Fundi akasema likibaki hata moja mtoto haponi. Mama akakunyakua akaondoka. Njia nzima alikuwa analia, anasema, 'Mwanahawa, nimemuua mtoto kwa huruma zangu.'"

Nikakumbuka kila nilipopata homa, hata nilipokuwa msichana mkubwa wa kuona haya, ulivyonifungua mdomo na kupapasa kwa kidole gumba juu, upande wa kushoto. Kidole kilinuka moshi na kitunguu. Mimi nilidhani ni kudekezwa, nikakiuma kwa utani, na wewe hukucheka. Sikujua ulikuwa unatafuta kifo changu mahali pale.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ulikuwa umezaa mara mbili kwa kunilea mimi. Hasira yangu iliishia pale kwa shangazi. Tulikula ugali na mlenda, tukazungumza habari zako mpaka nikakaribia kuachwa na gari.

Nilianza matibabu Tanga. Walikitoa kijino cha utoto, wakafungua ufizi, wakalifunga lile jino la chonge kamnyororo kembamba kama uzi wa cherehani, kamnyororo wakakaunganisha na waya zilizopita kwenye meno mengine. Wanafunzi wangu walitangaza shule nzima kwamba mwalimu amewekewa umeme. Miezi ya mwanzo sikuona badiliko lolote kwenye kioo cha nyumbani, nikaanza kujiandaa kuambiwa limegandana. Nilirudi Korogwe kwa picha nyingine. Daktari akaweka ya zamani na mpya pamoja, akapima, akapima tena, akaniita niinamie kompyuta. Jino lilikuwa limeanza kunyanyuka, limeuacha mzizi wa jirani, na mzizi wenyewe uko salama. Limesogea kidogo mno, lakini limesogea. Nililia pale mbele ya mgeni, naye akaniachia nilie.

Mapengo matatu yatajazwa kwa meno ya bandia. Jino la pembe si dawa ya pengo, ungeniambia, na mimi ningekujibu kwamba pembe za siku hizi zinaoshwa kwa mswaki. Lile la kushoto ni langu. Wiki hii ncha yake imetoboa ufizi, nyeupe, kali, na ulimi wangu hautaki kutoka hapo.

Wangekuwa wameniambia mapema, ningekuja nikuambie ukiwa bado unasikia. Shangazi anasema hata siku zako za mwisho uliuliza kama nimepata homa. Ulikwenda kaburini ukiamini kwamba siku ile ulikosa ujasiri, na kwamba ulichokiacha mdomoni mwangu kingekuja kunichukua. Lilikuwa jino, bibi. Ulinisikia nikilia ukasema basi, na kwa sababu hiyo ninalo.

Lala sasa, usinihofie tena. Mungu akutunze kama ulivyonitunza.

Mjukuu wako,
mke mwenzio.