Muhuri Umeshakuapia

Ihumwa, Dodoma

Mjomba wangu wa Gulwe, shikamoo.

Marahaba najiitikia mwenyewe, maana kuandika wewe ni mvivu. Mgongo unaendeleaje? Simu yako haipatikani tangu ulipoidumbukiza kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ndiyo maana nakuandikia. Mimi mzima, nimenawiri, mabinti wa Ihumwa wananisalimia mara mbili mbili.

Sasa sikia ulivyoniponza. Pale ghalani nilipo kibarua, msimamizi kasema naajiriwa kabisa, ila vyeti vifike Ijumaa. Cheti cha kuzaliwa kina jina la marehemu baba. Cha darasa la saba kina jina lako, kwa sababu mwalimu alikuuliza jina la baba nawe ukataja lako, kama unasajili ndama. Ikabidi nitafute hati ya kiapo kwamba hao watu wawili ni mimi mmoja, igongwe muhuri wa wakili.

Alhamisi nikaenda mjini. Nimechomekea shati, kiatu nimekipiga rangi mpaka najiona meno. Kosa hilo! Karani wa wakili hakunitazama uso. Alitazama viatu, akataja bei. Nikadhani ananiuzia mbuzi.

"Kaka, si sheria imeweka kikomo cha ada zenu?"

"Ipo. Sheria iko kabatini, bei iko mezani."

"Basi niione."

"Kuiona nako kuna ada, bosi."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Nikakaa pembeni kuwaza. Akaitwa bibi mmoja wa Kongwa, amefuata karatasi za shamba la marehemu mumewe. Akafungua pindo la khanga, akalipa. Karani akagonga, paa! Bibi haondoki.

"Mwanangu, mbona hujaniapisha?"

"Bibi, muhuri umeshakuapia."

"Kwani muhuri unamjua mume wangu?"

Karani akaita mwingine. Wakili mwenyewe hatukumwona hata kivuli. Sahihi yake ilikuwa tayari kwenye rundo la karatasi tupu.

Kichefuchefu, mjomba! Sheria inawapimia ada, wao wanatoza kwa kuangalia viatu. Na kiapo, ambacho kwetu mtu haapi mpaka tumbo limtetemeke, wanakigonga kama risiti ya ushuru wa mnada. Maneno ya kumpa yule karani nilikuwa nayo, unanijua, mnadani hakuna dalali aliyewahi kunishinda mdomo. Lakini kesho yake ndiyo Ijumaa.

Nikalipa. Akanisukumia karatasi yangu, nami nikasema, "Asante sana, mheshimiwa."

Kazi nimepata, karatasi wameipokea bila kuisoma. Ila ile asante haijanitoka mdomoni. Nimesukutua, nimekula mlenda wa pilipili, bado naionja.

Nisalimie mama, dada yako, umwambie mwanawe kaajiriwa, hayo mengine umfiche. Msalimie mkeo, mpishi wa ugali usioshindika, na babu mchunga mbuzi. Binamu yangu fundi cherehani mwambie akija mjini kutafuta muhuri, avae yeboyebo zake za plastiki.

Ni mimi mpwa wako, ambaye sasa ni mtu mmoja kwa kiapo, ingawa hakuna aliyeniuliza,

Elia